Damu ya Mzee

Al Mansoura, Alhamisi, Machi 2014

Kosa ni langu, si la Barasa. Nilisoma kwamba Waingereza waliyaita mabehewa yao ya treni ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini "damu na kastadi", kwa rangi zake mbili, nyekundu na manjano hafifu; nami, kwa masikio yangu ya Kiswahili, nikaelewa damu ya mzee. Picha zangu zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Barasa, Mkenya mwenzangu huku Uarabuni na fundi wa kupaka magari rangi kule Industrial Area ya hapa, akanichanganyia damu ya mzee hasa, nikalipaka behewa langu la mfano.

Leo nimepata picha ya rangi. Nyekundu yao iling'aa. Damu ya mzee waliipaka miaka kadhaa baadaye.

"Sasa mwalimu," Barasa alinicheka kwenye simu, "si ungeniambia tu unataka damu ya kijana?"

Kesho nalionyesha mbele ya chama chetu cha treni ndogo. Ningeweza kusogeza mbele mwaka ulioandikwa kwenye kibao chake cha maelezo, na behewa likawa sahihi kabisa. Lakini mwaka ule ndio baba, mwanafunzi mgeni Uingereza, alisafiria behewa kama hilo kwenda chuoni. Nikiusogeza, atakuwa amekwisha kurudi Kisumu.

Nimelikwangua rangi yote. Nitasimama nalo likiwa tupu, nieleze kwa nini.