Lenzi ya Kumpigia Picha Tonton

Kisangani, Mangobo

Mama yangu mzazi,

Asalaam aleikum. Mtoto wako Amisi nakusalimia kwa mikono miwili, nimekaa barazani na chai yangu, mvua imekatika sasa hivi. Goti linasemaje? Ile dawa ya kusugua aliyokuletea dada Zaina unaitumia kweli, au umeiweka juu ya kabati kama kawaida yako? Mimi nakujua. Sisi huku tu wazima. Mkaza mwana wako Véronique ananinenepesha kwa lituma, ndizi za makemba za kutwanga, asubuhi na jioni, na kila nikimwomba wali ananiambia, "Wali iko Kindu, rudi kwa mama yako." Tunacheka, lakini wali wako, Mama, naukumbuka kweli.

Bon. Picha uliyoomba imo ndani ya bahasha. Najua umeshaitoa kabla ya kusoma hata salamu. Haya, iangalie vizuri, halafu urudi hapa, maana kuna jambo nataka kukuambia juu yake.

Uliniomba nimpige picha mdogo wako, mjomba wangu Tonton Saidi, akiwa anapiga gitaa, uitundike sebuleni ili wale wanaosema amekwisha wafunge midomo. Na wewe mwenyewe ulitaka kumwona, kwa sababu kwenye simu anakujibu "niko muzima" hata kabla hujauliza. Basi bahati ikaja. Orkesta yake ya zamani iliitwa kupiga kwenye salle moja huku, ukumbi wa muziki, Jumamosi, saa kumi za mchana.

Utasema mchana mwanga ni mwingi. Thubutu! Mwenye salle anafunika madirisha yote kwa bâche, yale maturubai ya lori, ili wasiolipa wasichungulie bure kutoka nje. Jua linawaka barabarani, ndani ni giza kama chini ya kitanda. Kuna taa chache tu, nyekundu na buluu, na ile groupe, jenereta ya umeme, ikikohoa zote zinazimika. Flash Tonton haitaki, inamkatiza. Kusimama karibu na jukwaa nako hakuwezekani, watu wetu si unawajua? Wimbo ukikolea wote wanainuka kwenda kumbandikia mwanamuziki noti za pesa kwenye paji la uso, na mpiga picha aliye mbele anaambulia migongo na viwiko. Mara ya mwisho kiwiko cha mama mmoja kilinivua miwani. Ndiyo maana tunapanda juu ya benchi nyuma na kupiga kutoka mbali, kupita juu ya vichwa, na kwa hiyo unahitaji lenzi ya kuvuta.

Nikaenda kwa Papa Lokwa, mzee anayekodisha vyombo vya picha karibu na soko. Akaniwekea mbili mezani. Ya kwanza ndefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, inamleta mtu wa mbali mpaka umhesabie meno, lakini jicho lake ni jembamba. Mwanga unaingia kidogo kidogo, kamera inabidi ikae imefumbua macho, na chochote kinachotikisika kinapakaa. Ya pili fupi, nene, nzito balaa. Haivuti sana, lakini jicho lake ni pana, hata gizani inanasa mara moja.

"Papa, nibebe gani?"

"Inategemea. Mutu wako anarukaruka?"

"Hapana, ni muzee. Anapiga gitaa amekaa kwenye kiti."

"Alors, beba ile murefu. Muzee wa kukaa hana haraka."

Niliona amesema kweli, nikaibeba. Alhamisi walikuwa na mazoezi mle mle ndani, bâche zile zile, nikapanda benchi langu nyuma na kuanza kazi. Nikatazama picha: uso safi, mvi moja moja, hata vifungo vya shati la mwenzake aliyekaa pembeni vinaonekana. Mikono ya Tonton, moshi mtupu. Nikajilaumu, kwa sababu lenzi ndefu inakuza na mtikisiko wa anayeishika. Nikaegemea nguzo, nikabana pumzi, nikapiga tena. Gitaa safi, mkanda wake safi, mikono moshi. Nikarudia na kurudia, moshi ule ule. Mama, aliyekuwa anatetemeka si mimi.

Kesho yake nilimfuata kwake Kabondo, anakoishi peke yake tangu mke wake afariki. Alinimiminia chai nusu glasi, na hiyo nusu aliileta kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa tishati. Wewe unamjua, Tonton yule yule wa mashati ya kupiga pasi! Nikamwonyesha zile picha. Akazitazama, akanirudishia kamera.

"Tangu lini, Tonton?"

"Tangu mvua ya mwaka jana. Nikipiga gitaa inapungua kidogo. Nikikaa bure ndiyo inacheza."

"Umeenda kwa munganga, hospitali?"

"Nimeenda. Dawa ninakunywa. Usiniangalie hivyo, sijakufa."

Nikamweleza kosa langu la lenzi, kwamba kumbe kulikuwa na nyingine, ya jicho pana, inayonasa mara moja. Akainua kichwa.

"Ile ya jicho pana, inaweza kusimamisha mikono?"

"Inaweza."

"Donc beba ile. Dada asione hii moshi."

Nilikasirika, Mama. Nilimwambia usoni kwamba si haki kumficha dada yake wa tumbo moja, tena wewe unayeuliza habari zake kila wiki. Akachezea kifuniko cha birika. Halafu akasema, "Ni yeye alinifundisha kufunga vifungo vya shati. Sasa nimuambie nini?" Nilikunywa chai yangu nikaenda kubadilisha lenzi.

Papa Lokwa alinicheka. "Muzee wako ameanza kuruka?" Nikalipa, nikaibeba ile fupi.

Siku ya konseti, kwa sababu ile fupi haivuti sana, niliweka benchi langu katikati ya salle na kugombana na kila aliye nyuma yangu. Asubuhi Véronique alikuwa amekwenda kumfungia vifungo, kwa hiyo Tonton alitoka na shati jeupe, akakaa, akaweka gitaa pajani. Alipogusa nyuzi za kwanza wamama wa mbele walipiga kelele kama wameona maharusi. Hakupiga sauti nyingi. Zile za haraka aliziacha, akabakiza zile tu anazoziamini, na salle nzima ikawa inamjazia kwa mdomo pale alipoacha. Nilijua nina muda mfupi kabla hawajainuka na noti zao. Nikabonyeza. Hiyo ndiyo picha uliyoshika. Kila kidole kiko mahali pake.

Halafu wakainuka, sikuona tena kitu isipokuwa vitambaa vya kichwani. Véronique naye alikuwemo, anabandika noti na kumfuta jasho. Nililia nyuma ya kamera, sioni aibu kukuambia.

Kwa hiyo picha haikudanganyi, Mama. Alipiga, na watu walisimama. Lakini mikono hiyo ilitulia kwa muda wa kupepesa jicho tu, kwa sababu nilichagua chombo cha kuitulizia. Nimeshindwa kukutumia kimya kimya. Picha itundike, majirani waione. Barua ni yako.

Mpaka hapa niliandika juzi. Jana nikambebea Tonton picha, na barua nikamsomea yote. Nilidhani atanifukuza. Alisikiliza akiangalia mlango. Nilipomaliza akasema, "Umeandika mingi, lakini umesahau kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Kama kile chumba cha nyuma, kwa dada, kingali bure."

"Unataka kurudi Kindu, Tonton?"

"Nimesema umuulize."

Basi nauliza, Mama. Kingali bure, hakina mtu? Ukijibu ndiyo, nitamleta mimi mwenyewe kupitia Ubundu, taratibu, na kiti cha nyuma cha pikipiki tutakitandikia godoro.

Nisalimie dada Zaina na shemeji, mume wake, asiache kukutazamia paa. Nisalimie mama mdogo wa sokoni, na shehe wetu jirani aliyenifundisha kusoma. Véronique anakubusu mikono, na anasema lituma utaizoea siku utakayokuja. Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Amisi

Mistari hii ya chini iliyopindapinda, usidhani watoto wamechezea kalamu. Ni Tonton. Aliniomba kalamu mwenyewe, na nilipotaka kumshika mkono alinisukuma. Ilimchukua muda mrefu. Kama huwezi kuisoma, ameandika: Saidi, mdogo wako.