Mahali Alipoishia Eli

Jumanne, 6 Mei 2025

Kitabu kimeanguka tena. Saa ya kwanza tu ya mashine ya kusafisha damu! Mkono wa kushoto una sindano mbili, hauruhusiwi hata kujikuna. Wa kulia ndio ushike kitabu, ufungue ukurasa, ufute jasho. Nikajaribu kugeuza ukurasa kwa kidevu. Kikateleza – tumboni, gotini, puu, sakafuni. Sista Swaumu alikuwa upande wa pili anahangaika na mzee aliyeshuka presha. Nimekaa nakitazama kitabu changu chini, kifudifudi, mpaka wakati wa kuchomolewa. Mfanya usafi akapitisha deki. Alikizunguka vizuri tu.

Kurasa zimelowa, zimevimba. Nimezianika dirisha la jikoni, juu ya kelele zote za Mtaa wa Narung'ombe.

Eli kapiga jioni. Mdogo wangu, tumezaliwa wawili tu. Yuko Uingereza mwaka wa kumi na moja huu. Nikamsimulia ya kitabu, nikidhani tutacheka. Hakucheka. Kasema, dada, nakutumia kitu.

Nikangoja aseme na ile habari nyingine. Krismasi aliahidi: akipata likizo anakuja kupimwa, kama figo yake itanifaa. Mume wangu Wilbert ana presha, madaktari walimkataa siku ya kwanza. Mwanetu Benedict bado mtoto. Amebaki Eli.

Hakusema. Sikuuliza. Mtu unaulizaje?

Ijumaa, 9 Mei

Leodegar, rafiki yake Eli, kaja likizo. Nilipomwona mlangoni na begi, moyo ukaruka – nikajua kaniletea tarehe ya Eli kuja. Kumbe kaleta kiboksi.

"Shikamoo dada Evelyn. Huu ni mzigo wa Eli."

Ndani kuna kitu chembamba kama kigae. Nikasema kishikwambi? Ninacho tayari, kile cha duka letu la mapazia. Akasema hapana dada, hiki ni cha vitabu tu, hakipigi simu, hakina muziki. Unagusa kwa kidole gumba, ukurasa unageuka. Mkono mmoja! Vitabu vyote vya Eli vimo, maana kimeandikishwa kwa jina lake. Akinunua kitabu kule, na huku kinaingia. Na kinakumbuka msomaji alipoishia.

Nikamuuliza Eli anasemaje kuhusu kuja. Akainamia chai yake. Kasema kazi zimewabana sana kule.

Vitabu mia na kitu, vyote Kizungu. Nikatafuta cha Kiswahili. Kimoja! Cha kuwafundisha watalii kusema "naomba maji" na "tembo yuko wapi".

Wilbert kakigeuza huku na huku kama anapima kitambaa cha pazia. Kakiita kidude. Jina limekaa.

Niliomba figo, nimeletewa kidude. Mungu nisamehe kwa kuandika hivi.

Jumamosi, 10 Mei

Ni kizuri. Ndicho kinachoniudhi! Kimelala mapajani, hakianguki, maandishi nimeyakuza. Masaa manne yamepita sijui yalivyopita.

Kiti cha jirani yangu ni cha Bi Mauza. Mwarabu wa Mtaa wa Sikukuu, familia yake inauza udi na marashi toka enzi za babu yake. Sukari imemla figo, sasa inamla macho. Akaniuliza:

"Mwanangu, unatabasamu na nani huko?"

Nikamwambia nasoma hadithi. Mwanamke kapotea kwenye theluji, polisi wanamtafuta.

"Haya, nisomee na mimi."

"Ni Kiingereza, bibi."

"Sasa mdomo wako nao ni wa Kiingereza?"

Basi nikaanza kumgeuzia kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Sista kasogeza kiti karibu, kajifanya anaandika.

Jumanne, 20 Mei

Tumefika nusu. Bi Mauza hataki tena kuulizwa hali, anataka kuulizwa nani muuaji. "Theluji tena! Hao watu hawana jua?" Na mume wa yule mwanamke anamchukia kabisa. "Mwanamume anayelia mbele za watu, mchunge."

Nimecheka mpaka mashine ikapiga kelele. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, Wilbert kanibeba ngazi za ghorofa zote nne kama gunia. Uzito umeshuka tena. Daktari anasema mshipa wa mkononi nao umeanza kuchoka – ukifa, watatafuta mwingine, na sehemu za kutafuta zinakwisha. Kayasema taratibu, anafuta miwani.

Rafu yangu ya vitabu sijaigusa wiki ya pili. Vumbi.

Jumanne, 27 Mei

Siwezi kulala. Niandike.

Mchana nilishuka dukani, nikakiwasha kidude pale, nikakiunganisha na simu yangu, intaneti ikashika. Kikaingiza kitabu kipya. Juu kabisa ya orodha. Cha Eli, kanunua jana. Kinahusu watu wanaotoa figo wakiwa hai. Namna ya kujiandaa, upasuaji, maisha baada ya hapo.

Nilikaa juu ya jora la pazia. Mteja ananiuliza bei ya pazia za nyavu, simsikii.

Anakuja! Hasemi tu. Eli ndivyo alivyo toka utoto – jambo kubwa analibeba kimya mpaka liive.

Nimemwonyesha Wilbert. Kasoma jina la kitabu mara mbili, akarudisha. "Kununua si kuja, mke wangu." Lakini usiku kaimba bafuni. Wilbert! Sijamsikia akiimba tangu nianze mashine.

Alhamisi, 29 Mei

Nimekifungua tangu jana. Najua si vizuri. Kidude kikaniuliza: msomaji mwingine amefika mbali zaidi, nikupeleke alipo? Nikagusa ndiyo. Kikanipeleka kwa Eli. Robo ya kitabu. Kama nimeingia chumbani kwake nikamkuta anasoma, nikasimama nyuma ya bega lake.

Jana alikuwa kwenye vipimo vya damu. Leo kasogea, yuko kwenye kovu na maumivu. Bi Mauza kauliza, mbona leo husomi? Nikamwambia macho yanauma. Kasema mume kamuua, basi, wewe usiposema mimi nimeshajua.

Jumamosi, 31 Mei

Amepiga mstari.

Katika kitabu kizima, mstari mmoja tu. Niliukuta asubuhi nikiwa tayari kwenye mashine, sina pa kukimbilia. Nikausoma, nikausoma tena. Machozi yakaanza na mkono wa kuyafutia umeshika kidude.

"Mwanangu?"

Sijui kwa nini nilimsomea. Nikamgeuzia kama nilivyomgeuzia ya theluji: "Una haki ya kubadili mawazo wakati wowote, hata mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Huwajibiki kumpa mtu yeyote sababu."

"Ni ile hadithi?"

"Hapana, bibi. Kitabu cha watoa figo. Ni cha mdogo wangu. Mstari huu kaupiga yeye."

Bi Mauza akasema polepole kwamba mwanawe Salem alijitolea mwaka juzi. Vipimo vyote vilikubali. Yeye ndiye aliyekataa.

"Ulikataa!"

"Nimekula miaka sabini, mwanangu. Salem ana watoto watatu. Nimfungue tumbo ili nini? Nione Idi mbili tatu zaidi?"

"Mimi nina arobaini na nne, bibi."

"Najua. Sijakwambia wewe ukatae. Nakwambia kwamba hata anayependa sana, usiku anaogopa. Salem aliogopa. Nilimwona."

Nilitaka jibu lake linitulize. Halikunituliza. Mimi si Bi Mauza. Mimi Eli akinipa ningepokea kwa mikono miwili, hii hii yenye makovu, na ningelala usingizi. Huo ndio ukweli na sitamwambia mtu.

Jumatatu, 2 Juni

Hajasogea. Siku ya tatu yuko palepale kwenye mstari wake.

Nimesoma mbele peke yangu. Mpaka mwisho. Mwishoni kuna picha ya ndugu wawili wanakimbia mbio za hisani, wamevaa fulana za kijani.

Jumanne, 3 Juni

Mjinga mimi! Mjinga!

Eli katuma ujumbe saa tano asubuhi, nimechomekwa. "Dada, umekifungua kile kitabu?" Kumbe kidude cha kwake nacho kimemuuliza: msomaji mwingine amefika mbali zaidi, nikupeleke alipo? Ukurasa wa mwisho. Nani mwingine zaidi yangu?

Niliandika nikafuta. Niliandika: usije kama huwezi. Nikafuta. Niliandika: njoo. Nikafuta. Mwishowe nikatuma: "Kilijifungua chenyewe."

Kajibu: "Sawa dada."

Alhamisi, 5 Juni

Kitabu cha karatasi hakimwambii mtu unakisoma. Hakimwambii umefika wapi. Ndivyo nilivyomwambia Wilbert asubuhi, nikachukua kimoja rafuni, nikakipangusa vumbi. Kidude nimekiacha kitandani, kifudifudi. Nilibeba na vibanio viwili vya nguo, vya kuzuia kurasa.

Bi Mauza kafurahi kusikia karatasi. "Aah, hiyo ndiyo sauti ya kitabu." Kiswahili safi, sikuhitaji kugeuza chochote. Tumesoma vizuri kurasa kama kumi. Kibanio kikafyatuka. Kitabu kikaanza kuteleza na mimi – bila kufikiri, jamani, mwili tu – nikakidaka kwa mkono wa kushoto.

Sindano ikachomoka.

Sikujua damu ina kasi hiyo. Ilifika ukutani. Kengele, Sista Swaumu anakimbia, anakandamiza kwa ngumi, ananigombeza. "Mama Ben, unataka kufa kwa ajili ya hadithi?" Bi Mauza haoni vizuri, anaita tu, kuna nini, jamani kuna nini, nijibuni.

Mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko, mweusi. Daktari kauwekea stetoskopu, kasikiliza mshipa muda mrefu. Haungurumi kama zamani. Kasema tusubiri Jumamosi. Kama umeziba, wataweka mpira wa kupitishia damu shingoni.

Kitabu wamekitupa. Sista kaniomba radhi, kasema ndiyo sheria, kikishapata damu kinachomwa.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekaa kitandani siku nzima. Kesho Idi, Kariakoo yote imefurika, watu wananunua nguo za watoto hadi barabarani. Salem kanipigia kunijulia hali. Mama yake hajala tangu jana, anaulizia mkono wangu. Nikasema upo.

Mkono mmoja, tena huu ndio mmoja kwelikweli. Sina budi kurudi kwenye kidude. Nimekiwasha jioni hii. Orodha ikajipanga upya – mwanamke wa kwenye theluji yupo, vya uhasibu vipo, vya kulea watoto vipo. Kile hakipo. Nimetafuta kwa jina, hakuna. Kakiondoa kule, na huku kimeondoka. Na mstari wake umeondoka nao.

Nimemwita Wilbert nimwonyeshe. Unamwonyesha mtu kitu ambacho hakipo, unaonyesha wapi? Nikamshikisha tu. Akakaa pembeni yangu, akanitia vidole kwenye nywele. Hakusema kununua si kuja.

Ndipo simu yake ikaita. Yake, si yangu. Eli anampigia Wilbert.

Katoka nayo ngazini. Mlango kaurudisha. Nasikia vipande tu, kelele za chini zinameza vingine. Sawa, shemeji. Hapana, hajalala. Kisha naelewa, naelewa, Agnesi naye ni mkeo, ana haki ya kusema. Kisha: lakini hilo umwambie mwenyewe. Mimi siwezi.

Karudi. Amesimama mlangoni, simu kaielekeza chini. Anasema Eli anataka kuongea na mimi.

Nimemwambia asubiri, namalizia kuandika. Hajaniharakisha. Mwanamume huyu anayegombana na wachukuzi mzigo ukichelewa kidogo tu – leo amesimama, anaangalia ukuta, anasubiri niandike. Naandika polepole. Nachora kila herufi.

Simu bado iko hewani. Namsikia humo ndani, kwa mbali, kisauti kidogo kama cha zamani tulipokuwa tunalala kitanda kimoja na taa imezimwa.

"Dada? Dada, upo?"