Bibi Yangu Ananiamkia Shikamoo

Mpendwa mshauri Mzee Daimu, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo lisilorudi nyuma, maana kwa Padri siwezi kulisema na nyumbani ndiyo kabisa.

Mimi ni kijana wa kidato cha tano katika seminari moja ya huku Songea, nasoma kemia, biolojia na jiografia, na nimelelewa Maposeni na bibi mzaa mama tangu mama yangu alipofariki nikiwa mdogo, na bibi huyo, Emerensiana, ndiye aliyenipeleka seminari akiamini nakwenda kuwa padri, na mimi nilipoingia kidato cha kwanza niliamini hivyo hivyo, sikumdanganya mtu. Lakini tangu mbolea ya ruzuku iondolewe, kila likizo nakuta mahindi yetu yamekuwa ya njano kabla hayajafika kiunoni, na majirani wanabishana kama ni mvua au ni uchawi, na siku mwalimu wetu wa kemia alipotufundisha habari za udongo nilisisimka mwili mzima, nikajua hiki ndicho ninachokitaka, kwenda chuo kikuu cha kilimo Morogoro, na hamu hiyo haijaondoka mpaka leo, hata kanisani nikipiga magoti nawaza udongo.

Nilimjaribu bibi kwa mbali, nikamuuliza ingekuwaje mtu akisomea kilimo. Akacheka mpaka akakohoa. "Kilimo mtu anakwenda kusomea? Jembe si lile pale mlangoni, mjukuu wangu?"

Sasa mzee wangu, likizo ya Pasaka ndipo mambo yalipoharibika. Nilifika nyumbani nikakuta wanajumuiya wamekaa uani wanamaliza sala, na bibi yangu, mtu mwenye miaka zaidi ya sabini, akanyanyuka, akanipigia goti mbele za watu, akasema, "Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, Padri." Nikageuka nikidhani kuna padri nyuma yangu. Watu wote wananisubiri, na mimi, sijui kwa aibu sijui kwa woga, nikaitikia, "Marahaba." Wakapiga vigelegele. Tangu hapo kijiji kizima kinaniamkia, hata vikongwe walionijua nikiwa nabebwa mgongoni, na wanawake wa jumuiya wameshaanza kugombana nani atacheza mbele siku ya misa yangu ya kwanza.

Gambera, yaani mkuu wa seminari yetu, ametangaza kwamba tukirudi kutoka likizo ya Juni kila mmoja ataingia ofisini kwake aseme kama ana nia ya kuendelea na seminari kuu au ataomba vyuo vingine. Nikisema seminari kuu nakuwa mwongo, nikisema chuo kikuu habari itafika Maposeni kabla yangu, na bibi ana presha. Kwa hiyo nimepata wazo, na mwenzangu Polycarp anasema ni zuri, kwamba kabla ya likizo niruke ukuta niende disko kule Mfaranyaki, nikamatwe, nifukuzwe, ili bibi aseme Gambera ndiye kamnyima padri wake na mimi kwake nibaki sina kosa. Nisaidie, mzee wangu, maana kila nikijaribu kusali nalisikia lile neno nililoitikia.

Mseminari, Songea

MZEE DAIMU ANAJIBU

Marahaba, kijana. Mimi nina mvi za kuiitikia. Wewe uliichukua ya nini?

Nakuonea huruma, na nakwambia wazi kwamba kutaka kusomea udongo si dhambi. Ulikuwa mtoto ukataka upadri, umekua umetaka kingine. Mimi ni Mwislamu wa Tunduru, mambo ya altare sitakufundisha, lakini kwetu ibada bila nia haihesabiki, na sidhani kwenu inahesabika. Huruma yangu inaishia hapo.

Hilo wazo la kuruka ukuta ni la kijinga, na huyo Polycarp anayelisifia atabaki darasani akiandika notsi zake. Ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, shule gani itakupokea umalizie kidato cha sita? Na bila kidato cha sita Morogoro utakwenda kama nani, utingo wa lori? Bibi atakuwa amekosa padri, amekosa mtaalamu wa kilimo, amebakiwa na mhuni. Halafu hili la kumtwisha Gambera ndilo limenikera kuliko yote. Mtu amekulisha na kukufundisha, unataka abebe laana za kikongwe kwa sababu wewe una mdomo mzito. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yako haifiki hata Lizaboni hapo hapo mjini kwenu.

Na hiyo presha ya bibi usiifanye ngao. Naona unaogopa kushushwa. Kijiji kimekupandisha, nawe umenogewa. Marahaba ya kwanza ilikutoka kwa kushtuka, hiyo nakusamehe. Za kesho yake na keshokutwa uliitikia ukiwa umeshatulia.

Sasa sikia. Nenda kwa Gambera wiki hii, usingoje akuite. Ameona vijana wengi wakiingia kwa mlango ule na wachache wakifika altareni, kwa hiyo hatazimia. Mwombe akuache umalize kidato cha sita, na mwombe habari isitoke ofisini kwake mpaka wewe mwenyewe uifikishe nyumbani. Kisha kaa na mwalimu wako wa kemia, akueleze chuo kinataka masomo gani na ufaulu wa namna gani, na gharama pia uulizie mapema, maana siku hizi serikali inataka tuchangie elimu ya juu. Halafu usome kweli kweli. Kuwaza udongo kanisani hakumpatii mtu nafasi, na wanaoomba ni wengi.

Juni nenda Maposeni. Usitume mjomba wala Padri, wala usiandike barua. Usiseme mbele ya jumuiya, kwa sababu watu watamhurumia, na huruma ya watu itamuumiza kuliko habari yenyewe. Hakikisha asubuhi hiyo amekunywa dawa zake. Mwambie shambani mkivuna, wawili tu, kwa maneno machache: "Bibi, sitakuwa padri. Nataka kwenda chuo kikuu." Habari za mbolea ziache kwanza, utaonekana unajitetea.

Atalia. Huyo mama alimzika binti yake akabaki na wewe, na mavazi yako ya misa alishayaona kwa macho ya moyo. Usikimbie, usiite jirani, usijifanye una kazi. Kaa naye chini pale pale mpaka machozi yaishe yenyewe, na ole wako umnyamazishe kwa ahadi nyingine.