Bingwa wa Basketi ya Simu Anadai Mwiko wa Mwenzake

Mama Priscille wa redio, nakusalimia weye na wote wanaokusikiliza, nahitaji jibu lako upesi kwa sababu Jumatatu lori la fundi Kamate linaondoka kwenda Boga na mimi simo ndani yake.

Mimi ni mtu wa Niania, nilifika Bunia miaka miwili iliyopita nikamwacha mke wangu Espérance nyumbani, nikamuahidi kwamba nitarudi nikiwa fundi wa kujenga nyumba, na masomo yangu yaliishia shule ya msingi kwa hiyo uvumilie maandishi. Mwaka wa kwanza nilichimba mchanga mtoni, kisha fundi Kamate akanichukua kuwa msaidizi wake, na Serge akaja wiki moja baada yangu. Simenti tunaikoroga pamoja, lakini ikishakorogwa mmoja anabaki chini kulowesha matofali na kulinda mifuko, kazi ya kukaa, na mwingine anapandisha simenti kwa fundi, karai kichwani, ngazi juu ngazi chini, mpaka jioni unashindwa hata kukunja shingo. Ili tusigombane tulikubaliana kwamba kila asubuhi, kabla ya kuvaa nguo za kazi, tunacheza basketi kwenye simu yangu, watu wawili kioo kimoja, na wa kwanza kufikisha pointi ishirini na moja ndiye anabaki chini.

Mama, sijisifu, lakini huo mchezo nimeuelewa kuliko waliouunda. Serge anachagua mchezaji mrefu mwenye misuli kwa sababu anampenda kwa macho, mimi nachagua yule mfupi mwenye mbio ambaye hakuna anayemtaka. Serge anatupa kutoka mbali kila mara kwa tamaa ya pointi tatu, mimi naingia karibu na kikapu, mbili, mbili, mbili, bila haraka. Simnyang'anyi mpira akiwa anaudunda, nangoja ainue mikono kutupa, hapo ndipo nagusa. Ule mstari unaopanda kando ya mchezaji, yeye anaachia kidole ukiwa bado wa njano, mimi nangoja uwe kijani. Na nikiongoza kwa pointi moja nauzungusha mpira pembeni mpaka anakasirika na kubonyeza ovyo. Kwa miezi saba amenishinda mara tatu tu, na mara moja kati ya hizo ilikuwa jasho kwenye kioo.

Miezi saba yote, ukiondoa siku hizo tatu, Serge amebeba karai. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya mifuko nikimpigia kelele, "Twiga, panda!" na yeye anacheka tu, ananiita shampio, yaani bingwa, anasema, "Kaa, shampio, kaa, kidole isichoke."

Sasa wiki jana fundi Kamate amepata kazi ya kujenga shule kule Boga, anahitaji fundi wa pili, na akamkabidhi Serge mwiko wa kujengea mbele ya watu wote. Nikamuuliza, "Mukubwa, na miye?" Akasema, "Weye? Mwiko ulishika siku gani?" Kumbe huko juu, kila Serge alipofikisha karai, fundi alikuwa anamwambia ngoja kidogo, shika hii kamba, jaza simenti hapa katikati, panga huu mstari nione, na mimi niko chini namwaga maji bila kujua chochote. Nikamwambia Serge tucheze mchezo mmoja tu, atakayeshinda achukue mwiko. Akaniangalia. "Shampio, mwiko iko kwa mukono yangu, simu iko kwa mukono yako. Tulishagawana." Watu wote wa shantie, pale tunapojenga, wakacheka, hata Solange anayetuuzia maharagi akaweka sufuria chini ili acheke vizuri.

Mama, Espérance nilishamwambia kwamba nakaribia kuwa fundi. Nitumie mbinu gani ili Serge akubali kucheza? Akikubali tu, hanishindi.

Ni mimi msaidizi wa fundi, mtaa wa Mudzi-Pela, hapa Bunia. Jina usilisome hewani, Serge anasikilizaga.

*

Ndugu wa Mudzi-Pela,

Jina sikulisoma, ingawa shantie nzima imeshakujua kabla sijafika katikati ya barua.

Mbinu zako ni nzuri. Mdogo wangu Annie amezijaribu, amemshinda mume wake mara nne, anakushukuru sana. Umezieleza kwa kirefu kuliko ulivyomweleza mke wako.

Sasa tuangalie ulichoshinda. Ulishinda ndoo ya maji. Kila asubuhi ulitumia akili yako yote kumsukuma mwenzako aende shule, weye ukabaki nje ya mlango, ukimcheka kwamba mzigo wake ni mzito. Hakuna fundi wa Bunia aliyefundishwa kwa hotuba. Anayefikisha karai ndiye anasimama karibu, na anayesimama karibu ndiye anashikishwa kamba. Jambo hilo Solange analijua, na yeye anapika maharagi. Ulitaka fundi Kamate ateremke ngazi aje kukutafuta kwenye mifuko, akuombe radhi, akupe mwiko?

Unadhani Serge alikuficha. Ndiyo, alikuficha. Aliposema "kaa, shampio", alijua anachosema. Na weye uliyekuwa unamuita Twiga, ungekuwa mahali pake ungemwambia?

Pole nakupa, lakini si nyingi. Najua ngazi inaumiza, na mtu aliye mbali na watu wake anatamani kushinda kitu, hata kitu cha kwenye kioo. Kucheza si kosa. Ninachokuchekea ni kwamba umeshapoteza miezi saba na dawa unayoomba ni mchezo mwingine.

Fanya hivi. Leo hii mpigie Espérance, umwambie bado hujashika mwiko. Mwambie kwa mdomo wako, kabla dereva fulani hajafika Niania na hadithi iliyotiwa chumvi. Atakasirika. Mwache amalize, usimjibu kitu.

Kisha hesabu watu: Boga kunakwenda mafundi wawili, na msaidizi hakuna. Hilo hukuliona? Jumapili baada ya misa mtafute Serge, si Kamate, Serge, na umwite fundi. Useme, "Fundi Serge, Boga nani atakubebea karai?" Hilo neno fundi litakukwama. Kunywa maji, ulirudie mpaka litoke. Na ule mchezo ufute kabla hujamfikia, asije akauona kwenye kioo chako akageuza mgongo.

Akikubali, panda lori. Huko juu usikimbilie kushuka. Tua mzigo, simama, angalia mikono yake, uliza. Aliyekuwa nyuma yako atakufundisha, na utamsikiliza.

Akikataa, ana haki yake. Bunia ina mafundi wengi na wote wanatafuta mtu wa kupanda. Jumatatu alfajiri uwe chini ya ngazi ya mmoja wao, karai kichwani, umelishika kwa mikono miwili.