Miwani Uliyoivaa kwa Ajili Yangu

Mama,

Mahindi yamekubali mwaka huu, na nyumba uliyoiacha haina sakafu sasa ina simiti. Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu.

Jana tukiwa mezani, mke wangu Mama Njeri alifungua dirisha, baridi yote ya Julai ikaingia. Akavua kitambaa kichwani, akaanza kujipepea na kifuniko cha sufuria. Nikakukumbuka wewe, mwaka ule wa kwanza tulipohama Nyeri kuja Kiplombe, shamba likiwa bado na visiki vya miti ya mzungu aliyekuwa na shamba kabla yetu. Ulikuwa ukitoka kwenye umande bila sweta, jasho likikutiririka, nami nakukaripia kama mtoto.

Siku moja tukipanda viazi ulisimamisha jembe, ukatazama chini, ukasema, "Siku hizi sioni mwezi." Ulisema kwa Kiswahili, wewe ambaye Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni tu. Kwa Kikuyu maneno hayo yangekuchoma mdomo mbele ya mtoto wa kiume. Nikacheka. Nikasema, "Ni macho, Mama, yamechoka." Jumamosi nikakupeleka Eldoret mjini, nikakununulia miwani.

Ukaivaa. Hata kanisani uliivaa, umeshika Biblia, na kanisa zima linajua hujui kusoma.

Baadaye uliomba uende Nyeri kwa dada yako, wiki mbili tu. Nikakataa, nikasema palizi haingoji mtu. Majirani wote walikuwa wageni kama sisi, hukuwa na mwanamke wa rika lako hata mmoja wa kumwambia jambo. Ulikuwa na mimi.

Jana nilipomsimulia Mama Njeri maneno yako ya shambani yaliyoleta ile miwani, alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba Njeri, mama alikuwa anakuambia damu ya mwezi imekatika! Hata mimi yangu imekatika." Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Nilimwacha aamini kwamba sikuelewa. Wewe siwezi kukudanganya tena. Nilielewa, Mama. Palepale kwenye mtaro wa viazi nilielewa. Nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, ningekosaje kujua? Niliona haya. Nikakimbilia macho kwa sababu macho mtu anaweza kuyataja mbele ya mama yake. Nawe uliniona nikikimbia, ukanisitiri mpaka ukaingia kaburini.

Nisamehe. Najua nimechelewa, lakini nisamehe.

Wiki ijayo Mama Njeri anaenda kwao kwa dada yake, na atarudi akitaka mwenyewe. Palizi nitafanya mimi. Ila kabla hajaondoka nitamwomba aniambie hilo joto linaanzia wapi mwilini na linamfanyaje, na sitamkatiza. Nakuahidi, Mama. Nitakaa nisikilize, hata masikio yakiniwaka moto.

Pumzika sasa.

Mwanao,
Kamau