Mistari Niliyoifuta Asubuhi

Nakuru, Jumatano, mwezi wa tatu, 2008

Mawingu yamekaa juu ya mlima Menengai tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Vumbi limeingia hadi kwenye kibodi. Naisubiri kesho kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na mtihani wenyewe nimeutunga mimi.

Nianzie mwanzo, labda nitapumua.

Nafanya kazi ya kompyuta kwa Bwana Virdi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye na wafanyabiashara wenzake wamenunua mahema ya kuwagawia watu waliokimbilia kambini baada ya vita vya uchaguzi, wengi wao kutoka Kuresoi, kabla masika hayajaanza. Wiki iliyopita tulizunguka kambini tukiandika jina la mwenye familia, alikotoka na idadi ya watoto. Familia kubwa, hema kubwa. Nikayaingiza yote kwenye Excel. Leo asubuhi Bwana Virdi aliangalia skrini akakunja uso.

"Chebet, hii list iko na mashimo mingi. Committee itanicheka. Toa zote hazijajaa, nataka kitu clean."

Kufuta mstari mmoja mmoja kungenila siku nzima. Mimi na ujuaji wangu, nikaandika skripti ya Python, lugha niliyojifunza mwenyewe kwenye saiba ya intaneti. Amri chache tu: soma kila mstari, ukikuta kisanduku kitupu, uruke mstari huo; uliojaa uandike kwenye faili mpya. Nikabonyeza Enter. Chai yangu haikuwa imepoa na list ilikuwa safi. Bwana Virdi alinisifu mbele ya wateja, nikavimba kichwa. Akaichapisha, akaipeleka kwa kamati ya kugawa mahema. Lori linapakiwa kesho.

Wakati wa chakula nilimtafuta Shosho Wanjeri, bibi mmoja wa kambini anayelea wajukuu, kwenye ile list mpya. Sikuwa na wasiwasi wowote, nilitaka tu kuona amepangiwa hema kubwa.

Hayumo.

Shosho huyu nilimwandika mwenyewe. Siku ile niliingia kambini nikiogopa, maana siku hizi jina la mtu linasomwa kabla ya uso wake, na jina langu ni la upande unaolaumiwa kwa kuwafukuza watu wa Kuresoi. Aliniuliza naitwa nani, nikamwambia. Akanisogezea debe. "Kaa hapa, mami." Lakini nilipomuuliza ana watoto wangapi wa kulea, alinitazama kama niliyemtukana.

"Hata mbuzi sikuwa nahesabu, sembuse watoto? Unataka wakufe?"

Nikaacha kisanduku wazi. Niliona ndiyo adabu. Hata gogo wangu, mamake baba, angenichapa kwa swali hilo.

Nikafungua faili ya zamani nione skripti ilitupa nini. Ilikuwa imetupa mashosho. Karibu wote ni mashosho wanaolea wajukuu, na kisanduku kilichokosa kitu ni kilekile. Wenye watoto wengi ndio waliokataa kuwahesabu. Skripti haikukosea hata kidogo, ilifanya nilichoiagiza.

Nikaanza kuiona kesho. Lori limefika, majina yanasomwa, mashosho wa Kuresoi hawamo, na mtu anauliza ni nani aliyetengeneza hii list. Chebet. Nani ataniamini nikisema kosa ni la kisanduku kitupu? Naona aibu kuandika hivi, lakini nilijifikiria mimi kwanza, ndipo nikawafikiria watoto watakaonyeshewa.

Wazo likanijia la kujaza sifuri kila palipo wazi. Ni amri moja tu, na hakuna ambaye angejua. Mkono ulikataa. Kumwandikia shosho yule sifuri ni kama kumzikia watoto wote kwa kidole kimoja.

Nikamwendea Bwana Virdi nikamweleza. Alivua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Si ulisema hii kitu haikosei?"

Nikamwonyesha mistari iliyofutwa.

"Committee nitaongea nao," akasema mwishowe. "Lakini siwezi pakia hema bila kujua ni kubwa ama ndogo. Lori ikitoka kabla uniletee number, imetoka."

Mchana huohuo nikarudi kambini. Nilimweleza Shosho Wanjeri yote, kwamba mashine imemfuta na aliyeituma ni mimi. Hakunigombeza. Akaanza kupanga vikombe vya plastiki juu ya ubao na kumimina uji.

"Watoto hawahesabiwi, mami. Vikombe, hesabu tu."

Nikahesabu vikombe. Vilikuwa saba. Akapaza sauti, watoto wakaja mbio, kila mmoja akachukua chake na kutoweka. Kikombe kimoja cha bluu kikabaki kwenye ubao, uji ukitoa moshi.

"Na hiki, shosho?"

"Hicho kiko na mwenyewe. Tulipotezana naye njiani tukitoroka. Atakuja."

Tuliketi pale mpaka uji ukafanya utando juu, na hakuna aliyeugusa.

Sasa nimerudi dukani na nimebadilisha skripti. Haifuti tena. Ikikuta palipo wazi, inaniletea jina la mtu wa kumwendea. Juu ya safu nimetoa neno "Watoto" nikaandika "Vikombe". Kesho alfajiri nitaanza kuwazungukia mashosho wengine. Sijui kama nitawamaliza kabla lori halijaondoka, wala sijui wangapi watanisogezea debe wakishasikia jina langu. Mawingu bado yako palepale.

Mstari wa Shosho Wanjeri ndio ulionichelewesha kufunga kompyuta. Watakaolala ndani ya hema lile ni watoto sita.

Nimeandika saba.