Maua ya Buluu Chini ya Mkwaju

Mama Loisi, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo, nakuandikia nikiwa nimechoka, na kama nimekosa unikaripie tu. Mimi ni Priska wa hapa Dodoma, mume wangu Seth yuko kazini kwa Wajerumani kwenye reli na huonekana nyumbani Jumapili tu, siku nyingine nabaki na mama yake, na nyuma ya nyumba chini ya mkwaju tulimzika mtoto wetu wa kwanza, pale kivulini hapaoti kitu na upepo wa kiangazi unachukua vumbi mpaka kaburi linakaribia kupotea, basi nikaleta kutoka bondeni ule mmea utambaao wenye maua madogo ya buluu, unaopenda kivuli, nikaupanda ushike ardhi, nikawa naumwagilia maji ninayoyafuata mbali kwa mtungi. Kila asubuhi mama mkwe anafagia pale na kuung'oa, anasema amepalilia gugu hilo shambani maisha yake yote, na uwanja wenye majani ni wa nyumba iliyohamwa, na mke anayelinywesha gugu wakati watu wana kiu hana akili. Sasa amemwambia Seth anirudishe kwetu, na Seth amerudi zake kazini. Mama, niache kupanda au nifungashe vitu vyangu?

Priska binti yangu, marahaba, na pole kwa mtoto, maana naona hujapewa pole ya kutosha.

Sasa nikukaripie kama ulivyotaka. Maji ya kunywa unayamwaga kwenye gugu, Ugogoni humu, wakati wa kiangazi? Hapo mama mkwe ana haki, hata mimi ningekusema. Mmea huo hauhitaji mtungi wako. Jua likikaza majani hukauka, mizizi hulala, na mvua huuamsha. Ngoja mvua, kisha fukia vipande vya shina chini ya mkwaju tu, uzungushie mawe, maana ukitambaa hadi shambani kwake sitakutetea.

Usifungashe kitu. Jumapili mwambie Seth, mama yake akisikia, kwamba unachotaka ni kaburi lisipotee. Sidhani kama umewahi kulitamka.

Tena, umeniandikia mwenyewe kwamba mama mkwe anafagia pale kila asubuhi. Nyuma ya nyumba, ambako hakuna mgeni anayepita. Hukujiuliza kwa nini? Kesho amka mapema, mwamkie, uchukue ufagio mwingine ukafagie naye. Huyo ni bibi yake mtoto, naye hajui kulia mbele yako.